Mkanda wa Meno Haukazwi kwa Kidole Gumba

Kwenye mashine ya kusaga nafaka, fundi hukaza mkanda wa V kwa namna inayojulikana na kila aliyewahi kusimama karibu na mashine hiyo: anaisogeza mota kwa mtaimbo, anaubonyeza mkanda kwa kidole gumba, anafunga boliti, anawasha. Mkanda ukilia mahindi yanapomiminwa, anazima na kukaza tena. Pale utaratibu huo unafaa, kwa sababu mkanda wa V huvuta kwa kusuguana na puli, na msuguano haupatikani bila mgandamizo. Tatizo huanza fundi huyohuyo anapopewa mashine ya kudarizi, au ile ya kuchonga milango inayoendeshwa na kompyuta, akakuta mkanda wenye meno na kuukaza vilevile. Hesabu yake ni kwamba ukikazwa sana hauwezi kuruka. Baada ya muda anaitwa tena, safari hii kubadilisha beringi.

Mkanda wa meno hauvuti kwa msuguano. Jino la mkanda hukaa ndani ya bonde la puli, na ubavu wa jino ndio unaosukumwa. Mkazo una kazi moja tu hapa: kuzuia jino lisipande kutoka kwenye bonde lake mzigo unapoongezeka. Ndiyo maana kwa kazi ileile mkanda wa meno huhitaji mkazo mdogo kuliko mkanda wa V, na ndiyo maana mkazo wake unaweza kukokotolewa kwa kalamu kabla mashine haijaundwa. Anayebuni mashine na kumwachia fundi wa kuifunga aamue mkazo kwa mkono hajamaliza kubuni.

Asili ya mkanda huu ni cherehani. Katika miaka ya 1940, Mmarekani Richard Case wa kampuni ya Gilmer aliunda mkanda wenye meno kwa ajili ya cherehani za Singer, ili sindano juu na bobini chini zisipishane hata kidogo. Mwaka 1962 Wajerumani waliuingiza ndani ya injini ya gari dogo la Glas 1004. Tangu hapo umeenea kwenye fotokopi, printa, mashine za viwandani na roboti, popote ambapo mzunguko wa shafti moja lazima uende sambamba na wa nyingine. Lengo halijabadilika: kutopishana. Kwa hiyo kosa la mkazo kwenye mkanda huu halionekani kama mteleziko unaonuka mpira. Huonekana kama jino moja lililoruka, na kuanzia hapo mashine inafanya kazi yake mahali pasipo pake.

Tazama kinachotokea ndani ya mkanda. Mashine ikiwa imezimwa, pande zote mbili zina mkazo sawa. Ukiwasha, puli ya mota huuvuta upande mmoja na kuulegeza mwingine. Tofauti ya mikazo ya pande hizo mbili ndiyo nguvu inayofanya kazi, lakini jumla yake hubaki karibu ileile uliyoiweka wakati wa kufunga. Kile ambacho upande unaovuta umeongezewa, upande mlegevu umepunguziwa. Ukiweka mkazo wa mwanzo ulio nusu ya nguvu ya kazi, basi mzigo kamili ukifika upande mlegevu utabaki na sifuri. Hapo ndipo penye mpaka. Chini ya nusu, upande mlegevu hupwaya, na meno huanza kupanda pale yanapokutana na puli.

Tuchukue mfano wa namba. Mota ya HP 1, takriban wati 750, inazunguka mara 1,440 kwa dakika, ambayo ni mara 24 kwa sekunde. Puli yake ina meno 24, na umbali kutoka jino hadi jino ni milimita 8. Mzunguko mmoja wa puli basi unasogeza mkanda milimita 192, na kwa sekunde moja mkanda unakwenda mita 4.6. Gawanya wati kwa kasi hiyo, 750 kwa 4.6, utapata nguvu ya kazi ya nyutoni 163 hivi. Kwa anayefikiria kwa kilo, ni kama uzito wa kilo 16 na nusu.

Nusu ya 163 ni karibu 82. Usiishie hapo, maana huo ni mpaka wenyewe, na hakuna mashine inayoenda laini kama inavyoandikwa kwenye karatasi. Katalogi za watengenezaji hutoa kizidishio cha kazi kulingana na aina ya mashine: juu kidogo ya 1 kwa mashine laini isiyotumika sana, 2 na zaidi kwa zile zinazopiga na kutikisa. Tuchukue 1.5. Nguvu ya kubunia inakuwa nyutoni 244, na nusu yake ni 122. Huo ndio mkazo wa kila upande mashine ikiwa imezimwa. Mota ikifanya kazi kwa nguvu yake yote, upande unaovuta utakuwa na nyutoni 203 au 204, na upande mlegevu utabaki na 40 hivi. Nyutoni hizo 40 ndizo zinazoyashikilia meno mabondeni.

Sasa fikiria kuwasha. Mota ya umeme iliyounganishwa moja kwa moja na swichi, bila kifaa cha kuiamsha polepole, inaweza kutoa mara mbili au zaidi ya nguvu yake ya kawaida katika nusu sekunde ya kwanza. Kwenye mfano wetu nguvu ya kazi inapanda hadi nyutoni 326. Nusu yake ni 163, ilhali tumeweka 122 tu. Upande mlegevu unakosa mkazo kabisa kwa muda huo mfupi, na mkanda unaweza kuruka jino wakati wa kuwasha ingawa ulikuwa salama mchana kutwa. Fundi akisikia mlio wa "kra!" asubuhi tu, na baada ya hapo kimya, asilaumu mkanda. Dawa ni kukokotoa mkazo kwa nguvu ya kuwashia, au kufunga kifaa cha kuamsha mota taratibu. Mimi ningechagua kifaa pale bei yake inapobebeka, kwa sababu kinaziokoa pia beringi, ufunguo wa shafti na swichi yenyewe.

Kwa nini basi tusikaze tu kupita kiasi na kulala usingizi? Kwa sababu mkazo wote huo unabebwa na mtu mwingine. Kama pande mbili za mkanda ziko karibu sambamba, shafti inavutwa na jumla yake: kwa mfano wetu nyutoni 244 hata mashine ikiwa imezimwa. Umri wa beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ukiuzidisha mzigo mara mbili, umri haubaki nusu. Unabaki sehemu moja ya nane. Beringi ambayo ingedumu miaka minane inadumu mwaka. Mota ndogo ndizo zinazoumia zaidi, maana shafti na beringi zake hazikuundwa kubeba mvuto mkubwa wa pembeni. Mkanda nao huumia: nyuzi zake zinachoka kila zinapopinda kwenye puli, na sehemu ya chini kati ya jino na jino husagika dhidi ya vichwa vya meno ya puli. Halafu kuna kelele. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huimba kwa sauti nyembamba ya juu, inayopanda kadiri kasi inavyopanda.

Tukishajua tunataka nyutoni 122, tutazipimaje? Njia ya kwanza haihitaji zaidi ya rula na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Pima kipande huru, yaani sehemu ya mkanda iliyo hewani kutoka inapoacha puli moja hadi inapogusa nyingine. Gawanya urefu huo kwa 64. Hicho ndicho kiasi ambacho katikati ya mkanda panatakiwa kubonyea. Kipande cha milimita 320 kinabonyezwa milimita 5. Kwa kiasi hicho cha kubonyea, jiometria inasema nguvu inayotakiwa ni sehemu moja ya 16 ya mkazo: 122 kwa 16 ni nyutoni 7.6. Ongeza kidogo, kwa kuwa kubonyeza huko kwenyewe kunauvuta mkanda na wenyewe unakataa. Nyongeza hiyo hutofautiana kwa aina na upana, na katalogi huitaja. Kipande kikiwa kimelala, chupa ya maji yenye gramu 800 na ushei iliyotundikwa katikati inatosha kukuonyesha kama uko karibu au uko mbali. Tandaza rula ndefu juu ya puli zote mbili iwe mstari wa kupimia, na bonyeza upana wote wa mkanda kwa kipande cha ubao, maana ukibonyeza ukingo mmoja utapata namba ya uongo.

Milimita 5 si nyingi, na jicho hukosea. Kwa vipande vifupi, kwa mfano milimita 120, unatafuta chini ya milimita 2, na hapo njia hii inakuwa ya kubahatisha. Ndiyo sababu wajenzi wa mashine ndogo wanapendelea ya pili, ya sauti. Mkanda uliokazwa ni kama uzi wa udi: ukiuchapa unatetemeka, na kasi ya mtetemo inategemea urefu, uzito na mkazo. Ukijua viwili vya kwanza, mtetemo utakuambia cha tatu. Viwandani kuna kipima-mkazo maalumu chenye kihisio, lakini programu ya simu inayoonyesha mawimbi ya sauti, ile wanayotumia wapiga gitaa kulinganisha nyuzi, hufanya kazi nzuri kama mtetemo si wa chini sana.

Kanuni yake ni hii: mkazo kwa nyutoni ni 4, mara uzito wa mkanda kwa kilo kwa kila mita, mara mraba wa urefu wa kipande huru kwa mita, mara mraba wa mtetemo kwa Hz. Uzito usiukisie. Upeleke mkanda kwenye mizani ya dukani inayosoma gramu, kisha gawanya kwa urefu wote wa mkanda. Tuseme umepata gramu 125 kwa mita, uzito wa kawaida kwa mkanda wa mpira wenye milimita 8 kutoka jino hadi jino na upana wa milimita 20. Kwa kipande cha milimita 320 na mkazo wa nyutoni 122, mtetemo unatakiwa uwe Hz 49. Ukisoma 35, usifikiri umepungukiwa kidogo. Kwa kuwa mtetemo unaingia kwenye hesabu kwa mraba, 35 ni nusu tu ya mkazo unaotakiwa. Ukisoma 70, umekaza mara mbili.

Hz 49 ni mvumo mzito, na baadhi ya simu huchuja sauti za chini namna hiyo. Weka maikrofoni sentimita moja kutoka kwenye mkanda, zima feni na mashine za jirani, chapa mkanda kwa kidole mara kadhaa na uchukue namba inayojirudia. Simu ikionyesha 98 badala ya 49, imesikia mtetemo wa pili wa mkanda uleule. Kabla ya kupima, zungusha mashine kwa mkono mizunguko kadhaa kamili ili meno yakae sawa mabondeni. Pima tena mahali patatu au panne pa mzunguko. Namba zikitofautiana sana, puli moja imetobolewa nje ya kitovu au shafti imepinda, na hakuna mkazo utakaoponya hilo.

Mkazo ukishapatikana lazima udumu, na hiyo ni kazi ya fremu. Nyuzi za ndani ya mkanda wa meno ni za kioo, chuma au aramidi, na hazirefuki kirahisi. Uzuri wa jambo hilo ni kwamba mkanda haudai kukazwa kila mwezi kama wa V. Hulegea kidogo katika saa za kwanza meno yakijipanga, basi. Ubaya wake ni kwamba mkanda mgumu hauna uvumilivu: msogeo mdogo sana wa mota, sehemu ya milimita, hubadilisha mkazo pakubwa. Bamba la mota lililokatwa kwenye bati jembamba hupinda mzigo ukija, shafti zinasogeleana, mkanda unaruka, na mwenye mashine anaambiwa akaze zaidi. Ongeza kwanza unene wa bamba. Mota ifungwe kwenye matundu marefu, na pawe na boliti ya kuisukuma polepole, si mtaimbo. Kwa mtaimbo huwezi kutoka Hz 45 hadi 49. Kwa robo mzunguko wa boliti unaweza. Boliti za bamba zikishafungwa kabisa, pima upya, kwa sababu kuzifunga nako huisogeza mota.

Mahali ambapo mota haiwezi kusogezwa, tumia puli ya kukazia. Iweke upande mlegevu. Ikiwa ndani ya mkanda iwe na meno, isipokuwa ikiwa kubwa. Ikiwa nje, igusayo mgongo, iwe laini na bapa bila tumbo katikati, na isiwe ndogo kuliko kipimo cha chini cha katalogi, maana inaukunja mkanda kinyume. Puli ya kukazia inayofungwa imara ni bora kuliko ya springi kwenye mashine inayokwenda mbele na nyuma, kwani mwelekeo ukibadilika upande mlegevu unakuwa ndio unaovuta, na springi inasalimu amri.

Angalia pia meno yaliyoshikana na puli ndogo. Yakiwa sita au zaidi, mkanda unabeba mzigo wake wote uliotajwa. Yakiwa matano, hesabu asilimia 80, manne, asilimia 60, matatu, 40. Mtu anayeweka puli ya meno 12 ili apunguze mwendo mara tano kwa hatua moja mara nyingi anajikuta hapo, na kukaza hakumsaidii. Puli zilingane pia: kupishana kusizidi robo ya digrii, yaani milimita 4 hivi kwa kila mita. Rula iliyonyooka, ikigusa nyuso za puli zote mbili, itakuonyesha.

Kwenye mihimili ya mwendo wa kwenda na kurudi, kama ya mashine ya kuchonga mbao au printa ya vitu vya plastiki, hesabu inabadilika. Pale hakuna upande mlegevu wa kudumu, na kinachotafutwa ni usahihi wa mahali. Nguvu ya kazi ni uzito wa kibebeo mara mchapuko wake, jumlisha msuguano: kibebeo cha kilo 4 kinachochapuka mita 5 kwa sekunde kwa sekunde kinahitaji nyutoni 20, na ukiongeza 10 za msuguano unapata 30. Weka mkazo usiopungua nguvu hiyo nzima, si nusu. Pande zote mbili zikibaki zimekazwa, zote mbili hukipinga kibebeo kisiyumbe. Mmoja ukilegea, unabaki na upande mmoja tu wa kukishika, na duara ulilotaka kuchonga linatoka kama yai. Lakini kumbuka mota za printa ni ndogo. Nimeona watu wakizikaza hadi mkanda utoe noti ya juu kabisa, kisha wakashangaa mota inapata moto na kupoteza hatua, yaani inazunguka pungufu ya ilivyoamriwa.

Mkanda wa taiming wa gari usiutie kwenye hesabu hizi. Injini ikipata moto hutanuka, umbali kati ya shafti huongezeka, na mtengenezaji ameshalijua hilo: ndiyo maana ameweka kikazio cha springi au cha mafuta. Fuata kitabu cha injini hiyo, kaza injini ikiwa baridi isipokuwa kitabu kimesema vingine, zungusha krankshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, hakikisha alama zote zimerudi mahali pake, na badilisha kikazio pamoja na mkanda. Injini nyingi valvu na pistoni zake hukutana mkanda ukikatika, kwa hiyo kuokoa bei ya kikazio ni uchumi wa ajabu.

Mkanda uliotolewa usiutupe kabla ya kuusoma. Meno yaliyolika ubavu mmoja tu na kuanza kung'oka kwenye shina, huku sehemu kati yake zikiwa nzima, yanasema mkazo ulikuwa mdogo au mzigo ulizidi. Sehemu za kati ya meno zikiwa zimeng'arishwa, kitambaa kimeisha na nyuzi zinaonekana, ulikazwa kupita kiasi. Ukingo mmoja uliochanika ni puli zisizolingana. Mkanda uliokatika kwa mstari mnyoofu kutoka ukingo hadi ukingo, kana kwamba umekatwa kwa kisu, mara nyingi ulikunjwa: mtu aliukunja akiuhifadhi, au aliupachika kwa kuushindilia na bisibisi juu ya ukingo wa puli, nyuzi za kioo zikavunjika siku hiyohiyo ingawa mkanda ulikatika baadaye. Mkanda mpya ufungwe kwa kulegeza mota kwanza, ukae wenyewe bila kulazimishwa, ndipo ukazwe. Kisha andika kwa rangi isiyofutika ndani ya kava la mashine: kipande huru 320 mm, 125 g/m, 49 Hz. Fundi atakayefuata hatakuwa na haja ya kidole gumba.